Kifaa cha lori kinaponyamaza ng'ambo ya Kasumbalesa: namba ipi ndiyo yenye neno la mwisho?

Mama mmoja wa hapa Lubumbashi, mkaazi wa Kampemba, ana malori yanayokwenda Ndola, nchini Zambia, na mengine yanayofika hadi bandari ya Dar es Salaam. Ameandika hivi: "Nimefunga vifaa vya GPS katika malori yangu, na kila kifaa kina kadi yake ya SIM. Kutoka Likasi mpaka Kasumbalesa ninaliona lori vizuri kwenye simu yangu. Likivuka mpaka tu, kifaa kinanyamaza. Lori moja limerudi nyumbani na kifaa chake bado kimenyamaza. Aliyeniuzia anasema shida ni IMSI, fundi mwingine anataka nimlipe abadilishe IMEI, na mimi ninayoijua ni namba ya simu peke yake. Tena kuna laini moja inayomaliza mega kwa wiki moja, wakati nyingine hazizimalizi kwa mwezi mzima. Namba hizi ni za nini, na ipi ndiyo yenye shida?"

Mama, nitaanza na jambo linaloweza kukupotezea pesa leo. Usimlipe fundi anayetaka kubadilisha IMEI. Hiyo ni namba ya kifaa chenyewe, tarakimu 15 zilizowekwa kiwandani: nane za kwanza hutambulisha aina ya kifaa, sita zinazofuata ni za kifaa hicho kimoja, na ya mwisho hutumika kuhakikisha kwamba nyingine hazikukosewa wakati wa kuandikwa. Kwa lugha ya kazi yako, ni namba ya chesisi. Huku kwetu watu waliizoea IMEI kwa sababu ya RAM, lile daftari la vifaa vya simu lililoanzishwa mwaka 2020, ambalo wateja walikatwa pesa kwa ajili yake hadi makato hayo yalipofutwa mwaka 2022. Mtandao wa simu unaweza kuikagua IMEI ili kukizuia kifaa kilichoibwa, lakini hautazami IMEI ili kujua nani alipe, nani apewe data, wala nani apokelewe akiwa mgeni katika nchi nyingine. Kuibadilisha hakutaisaidia safari yako hata kidogo, na katika nchi kadhaa ni kosa la jinai.

Aliyekuuzia vifaa amekaribia ukweli, ingawa amekuachia neno moja bila maelezo. IMSI ni namba ya kimataifa inayomtambulisha mteja wa mtandao wa simu, na imehifadhiwa ndani ya kadi ya SIM, si ndani ya kifaa. Haizidi tarakimu 15, na mpangilio wake umewekwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika waraka wake uitwao E.212. Tarakimu tatu za kwanza ni za nchi, mbili au tatu zinazofuata ni za mtandao ndani ya nchi hiyo, na zote zinazobaki ni za mteja mmoja ndani ya mtandao huo. Kongo yetu ni 630, Zambia ni 645, na Tanzania ni 640. Ndani ya 630, Vodacom ina 01, Airtel ina 02 na Orange ina 86. Kwa hiyo kadi ambayo IMSI yake inaanza na 63001 inatangaza, kabla ya kusema neno lingine lolote, kwamba kwao ni Kongo, kwa Vodacom. Zinabaki tarakimu kumi za mteja, zinazotosha kugawa namba bilioni kumi katika mtandao mmoja, na ndiyo maana hatuoni upungufu hata siku hizi ambapo mita za maji, mashine za malipo na malori vinahitaji kadi zao.

Tafadhali usichanganye 630 na 243. Ile 243 ni ya kupigia simu Kongo, na namba ya simu ni kitu cha pembeni kuliko watu wanavyodhani. Kazi ya kuijua namba yako haifanywi na kadi. Anaifanya opereta, yaani kampuni ya simu, ambaye katika rejesta yake ameandika kwamba IMSI fulani imefungwa kwenye namba fulani ya simu. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza simu yake huenda kwa opereta akapewa kadi mpya yenye IMSI mpya kabisa, halafu namba yake ya zamani ikahamishiwa kwenye kadi hiyo, na jamaa zake wakaendelea kumpigia bila kugundua kitu. Kifaa cha GPS hakihitaji namba ya simu ili kutuma mahali lori lilipo. Unaihitaji wewe tu, pale unapotaka kukitumia amri kwa ujumbe mfupi. Kadi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine zina namba za simu ndefu ambazo hakuna binadamu atakayezipiga maishani mwake.

Ipo namba ya nne, nayo ninaitaja kwa sababu naona watu wakiituma kwa opereta wakidhani ndiyo IMSI. Ni ile iliyochapishwa juu ya plastiki ya kadi, yenye tarakimu 19 au 20, inayoanza na 89 na, kwa kadi za Kongo, kufuatiwa na 243. Inaitwa ICCID, na ni namba ya kadi kama bidhaa: humsaidia opereta kujua ni kadi ipi uliyoishika mkononi. IMSI kwa kawaida haichapishwi juu ya plastiki. Fundi mwenye kompyuta huisoma kwa kuunganisha modemu ya kifaa, yaani sehemu inayoongea na mtandao, na kuandika amri ya AT+CIMI, na jibu linalorudi ni tarakimu zenyewe, mfano 630010000012345. Muombe akuandikie ya kila lori.

Sasa tufike Kasumbalesa, kwa sababu ndipo mambo yote yanapotokea. Lori likiwa kwenye foleni ya mpaka, kifaa kinasikia minara ya pande zote mbili, kwa kuwa mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Kadiri lori linavyoelekea Chililabombwe, minara ya 630 inafifia na kifaa kinasikia 64501, 64502 au 64503, ambazo ni Airtel ya Zambia, MTN na Zamtel. Kinachagua mmoja na kujitambulisha kwa IMSI yake. Mtandao wa Zambia ukiziona tarakimu tano za mwanzo unajua kwamba huyu si mteja wake, na haumtafuti katika vitabu vyake, bali unapeleka ombi nyumbani kwake Kongo: je, mnamjua huyu, na mnamdhamini?

Jibu la Kongo lina sehemu mbili. Kwanza ni uthibitisho kwamba kadi ni ya kweli. Ndani ya kila kadi umewekwa ufunguo wa siri wa biti 128, na nakala yake iko kwa opereta wa nyumbani tu. Opereta hutuma fumbo, yaani namba iliyochaguliwa bila mpangilio, pamoja na jibu linalotarajiwa. Mtandao wa Zambia unaipa kadi fumbo hilo, kadi inapiga hesabu kwa kutumia ufunguo wake, na majibu mawili yanalinganishwa. Ufunguo wenyewe haupiti hewani wala hauonekani kwa Wazambia, na ni mpango ninaouheshimu sana, kwa maana unamwezesha mgeni kuthibitishwa na mwenyeji ambaye hajawahi kuiona siri yake. Sehemu ya pili ni haki za mteja: apige simu au asipige, apewe data au asipewe, akiwa nje ya nchi au akiwa nyumbani peke yake. Haki hizo opereta ameziandika katika rejesta yake kwa IMSI hiyo, si kwenye kifaa wala kwenye salio ulilonunua. Kadi nyingi zinazouzwa pamoja na vifaa zimefunguliwa kwa ajili ya Kongo tu, hata kama opereta wake ana mkataba mzuri na mitandao hiyo mitatu ya Zambia. Naamini hapo ndipo malori yako yanapokwama.

Kukataliwa nako kuna aina zake, na aina ndizo zinazoeleza lile lori lako lililorudi likiwa bado kimya. Mtandao mwenyeji unaweza kujibu kwamba hauruhusu wateja wa opereta huyo. Hapo kadi huuandika mtandao huo katika orodha fupi ya mitandao iliyokatazwa, na kifaa hakiujaribu tena chenyewe, kinautafuta mwingine. Hilo halikizuii kurudi nyumbani. Lakini jibu linaweza kuwa zito zaidi: kwamba mteja huyu hajulikani, au kwamba haruhusiwi kabisa kupata huduma ya data. Likija jibu la namna hiyo, sheria za mitandao zinakiamuru kifaa kuihesabu kadi yake kuwa batili, kwa huduma zote au kwa data pekee, mpaka kizimwe au kadi itolewe. Simu ya mkononi mtu huizima, au betri inamwishia. Kifaa cha lori kimefungwa kwenye betri ya lori, na kina betri yake ndogo ya akiba ndani, kwa hiyo hata dereva akizima injini na kulala, chenyewe hakizimiki. Kinarudi Lubumbashi kikiwa bado kinaamini kwamba kadi yake haifai. Mwambie fundi akitenganishe na betri ya lori, atoe na ile ya ndani, asubiri kidogo, kisha avirudishe. Kikiamka na kuonekana, umekwisha kuelewa kilichokipata kule ng'ambo.

Ili usiishi kwa kukisia, mpeleke fundi na kompyuta yake mpaka ng'ambo mara moja, au mpe dereva unayemwamini maelekezo. Amri ya AT+CREG? hurudisha namba mbili, nawe tazama ile ya pili: 1 maana yake kifaa kimepokelewa nyumbani, 2 kinatafuta, 3 kimekataliwa, na 5 kimepokelewa kikiwa mgeni. AT+CGREG? husema hayo hayo kwa upande wa data. Ukiona 3 upande wa Zambia, IMSI haijafunguliwa au hakuna mkataba, na hakuna fundi wa Lubumbashi atakayelitatua bila opereta. Ukiona 5 katika zote mbili na bado lori halionekani, shida imehamia kwenye kifaa. Mara nyingi data ya ugenini, yaani ya kutumia nje ya nchi, imezimwa katika mipangilio yake, jambo ambalo baadhi ya watengenezaji hufanya kwa makusudi ili kumkinga mteja na gharama.

Hapo kwenye mipangilio kuna kosa ambalo mafundi wengi huliingiza kwa nia njema. Wakisikia lori liko Zambia, wanabadilisha APN, yaani jina la mlango wa kuingilia intaneti, na kuandika ya opereta wa Zambia. Data ya mgeni kwa kawaida husafirishwa kurudi kwa opereta wa nyumbani kwanza, ndipo ikatoka kwenda intaneti, kwa hiyo APN inabaki ile ile ya Kongo popote lori lilipo. Inabadilika pale tu unapobadilisha kadi yenyewe. Asiye na kompyuta anaweza kuijaribu kadi katika simu ya kawaida: dereva akivuka, aiweke kadi, awashe data ya ugenini, achague mtandao mwenyewe kwa mkono, kisha ajaribu kufungua ukurasa mmoja. Kuchagua kwa mkono kunasaidia pia kwa sababu mtandao ukimpokea, unafutwa katika ile orodha ya iliyokatazwa. Ila azime kwanza programu zinazojisasisha zenyewe, kwa maana bei ya mega ugenini inaweza kumeza salio lote kabla ukurasa haujafunguka.

Ukishajua kwamba ni IMSI, chagua dawa kwa kuangalia njia ya kila lori. Kwa malori ya Ndola, ningekwenda kwenye ofisi ya opereta inayohudumia kampuni, si kwa muuza kadi wa barabarani, niwape orodha ya IMSI na kudai kwa maandishi kwamba kila moja ifunguliwe data nchini Zambia, na bei yake itajwe. Kwa malori ya Dar es Salaam ningefikiri zaidi, kwa kuwa yanapita 630, 645 na 640 katika safari moja. Zipo kadi zenye IMSI zaidi ya moja ndani yake, ambazo programu ya kadi hubadilisha utambulisho kulingana na nchi iliyofikiwa. Zipo pia kadi ambazo IMSI yake inaanza na 901, namba isiyo ya nchi yoyote, waliyopewa watoa huduma wa kimataifa. Kadi hizo ni wageni kila mahali. Na ipo eSIM, chipu ambayo utambulisho wake unaweza kupakuliwa na kubadilishwa kwa mbali bila mtu kugusa lori, mradi kifaa kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Hizi zote zinafaa, lakini muulize muuzaji swali moja gumu: mgeni asiyerudi kwao hata siku moja anaruhusiwa kwa muda gani? Baadhi ya mitandao huwakataa wageni wa kudumu, na kadi iliyofanya kazi vizuri mwezi wa kwanza inaweza kufungwa baadaye bila taarifa. Kwa malori yasiyotoka kabisa Katanga, kadi ya kawaida ya 630 inatosha, na sioni sababu ya kulipia zaidi.

Wakati unasubiri, mwambie fundi aangalie kama kifaa chako huhifadhi kumbukumbu kinapokosa mtandao. Vifaa vingi hufanya hivyo, na lori likirudi Kasumbalesa hukumwagia njia yote liliyopita, pamoja na saa za kusimama. Hakitakuonyesha lori lilipo sasa, lakini kitakuonyesha lilikolala.

Kuhusu laini inayomaliza mega, fanya hesabu pamoja nami. Ujumbe mmoja wa kifaa cha GPS una ukubwa wa baiti mia moja hivi. Kikituma kila dakika, usiku na mchana, ni baiti 144,000 kwa siku, yaani megabaiti nne na kidogo kwa mwezi. Vifungashio vya mtandao, yaani maelezo ya ziada yanayosafiri na kila ujumbe, vinaweza kuufanya mzigo huo kuwa mara mbili au hata mara tatu, na bado hautafika megabaiti 15. Kifaa kinachomaliza kifurushi cha mwezi kwa wiki moja hakitumi mahali lilipo lori tu. Ama kimepangwa kutuma kila sekunde, ama kadi yake inatembea ndani ya simu ya mtu. Hili la pili ni la kawaida sana kwa kadi zinazochomoleka, na dalili yake ni kwamba saa zile mega zinapokwenda, lori halionekani kwenye ramani.

Usiogope kwamba mtu ameinakili kadi. Mwaka 1998 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba ufunguo wa siri ungeweza kutolewa katika kadi za wakati ule zilizotumia hesabu dhaifu iitwayo COMP128, mradi kadi iwe mkononi mwao. Opereta wengi wameihama hesabu hiyo. Kuijua IMSI peke yake hakumwezeshi mtu kuwa wewe, kwa sababu hana ufunguo. Hata hivyo usiitangaze, maana anayeijua na mwenye vyombo vya kusikiliza hewani anaweza kutambua kwamba kadi hiyo iko karibu. Mitandao hujitahidi kuificha kwa kuipa kadi jina la muda, na katika 5G inasimbwa kabla ya kutoka kwenye kifaa, ila vifaa vingi vya malori bado vinatumia 2G, ambamo mtandao huihakiki kadi lakini kadi haina njia ya kuuhakiki mtandao. Kuanzia 3G kadi nayo huuhakiki mtandao, na hiyo ni sababu nzuri ya kununua kifaa cha 4G safari ijayo.

Kwa kadi inayochomolewa, muombe opereta aifunge IMSI kwenye IMEI ya kifaa, ili ikiwekwa katika simu nyingine ikataliwe. Muombe pia aizuie isipige simu, na data yake iende kwenye seva ya ufuatiliaji, yaani kompyuta inayopokea taarifa za malori, pekee kupitia APN ya kampuni, ambamo hata aliyeiiba hatapata intaneti ya kawaida. PIN ya kadi inasaidia, mradi kifaa kinaweza kuihifadhi na kuiingiza chenyewe. Jaribu katika lori moja kwanza, kwa maana ikikosewa mara tatu kadi inajifunga. Kwa malori mapya kuna vifaa ambavyo SIM yake ni chipu ndogo ya milimita tano kwa sita iliyochomelewa kwenye bodi, na hakuna cha kuchomoa.

Mwisho, andika katika daftari moja, kwa kila lori, IMSI, IMEI, ICCID na namba ya simu ya kifaa chake, kisha ulifungie ofisini. Kifaa kikiharibika na fundi akaweka kipya, IMEI inakuwa nyingine, na kadi iliyofungwa kwenye ile ya zamani itakataliwa hapa hapa Lubumbashi. Opereta apewe IMEI mpya siku hiyo hiyo, kabla lori halijaondoka.